Mabakuli ya Bi Hidaya

Hitima ya mama ilipokwisha na wanaume wakakunja mikeka yao wakaondoka, tulibaki sisi wanawake na rundo la vyombo. Kwetu Ndagoni hakuna nyumba yenye vyombo vya kutosha shughuli. Kila mtu huleta vyake, na visichanganyike, kila mwenye nyumba ana alama yake ya rangi chini ya sahani. Basi tulikuwa tunaosha, tunafudikiza na kukagua makalio ya vyombo: hizi za kina Mwanahamisi, lile sinia la msikitini, hii hapa ya mke wa mwalimu. Mwishowe likabaki bakuli moja la bati, jeupe, lenye ua lililofifia, na chini yake tone la rangi ya kijani. Likapita mkono kwa mkono na hakuna aliyelitambua. "Nimelikuta chini ya kitanda cha marehemu," akasema binti wa mjomba wangu. "Nikaliona zima, nikapakulia mchuzi." Wakacheka, wakasema basi ni la humu humu. Mimi nililijua tangu lilipotoka kwenye povu. Uso uliniwaka pale kwenye beseni, mwanamke mzima mwenye wajukuu, mwenye mgahawa wake Mbagala, nikainama kana kwamba sabuni imeniingia machoni. Nikalichukua, nikalifuta kwa upindo wa kanga yangu, nikalitia ndani haraka kabla mtu hajauliza la pili.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na sita. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kisiwani, na kwenda Kilindoni kwenye hospitali ilikuwa ni kutembea, au kupakiwa kwenye baiskeli na mtu mwenye roho nzuri. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele mama alikaa kusuka mikeka, na sakafu yake ilikuwa daima na vipande vya miyaa vya zambarau na kijani. Cha nyuma tulilala, mimi na yeye, kwenye kitanda cha kamba alichokiinua kwa matofali ili chini yake paingie vitu. Jiko lilikuwa uani, kibanda cha makuti. Baba hakuwapo, na sitamsema hapa. Kutokuwapo kwake kulikuwa na maana moja iliyotugusa kila siku: hatukuwa na mtu baharini. Nyumba ya namna hiyo hupata kitoweo kwa kusimama pwani samaki wanaposhushwa, mpaka mtu akuonee huruma akupe vibua wawili watatu. Mama alisimama kwa muda, kisha akaacha. Samaki wazuri walikuwa wakiingia kwenye masanduku ya barafu kwenda Dar es Salaam, na hao wabaya nao walikuwa na wenyewe. Tukala mihogo. Asubuhi mihogo ya kuchemsha, jioni mihogo ya kuchemsha, na ikipatikana nazi tukala muhogo wa nazi, tukajiona tuna karamu. Kilichotushikilia hasa ni chai ya rangi yenye sukari nyingi. Mama aliamini kwamba sukari ni nguvu, na mimi sikuwa na sababu ya kumbishia, maana nikishaimaliza niliweza kuinuka.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Hidaya. Huyu mumewe alikuwa na ngalawa, na mwenyewe alikuwa na sauti ya kusikika mpaka kisimani na mkono usiojua kupika chakula kidogo. Akipika samaki changu wa kupaka, alipakua bakuli akatuletea. Akipika mboga ya mchicha kwa tui, bakuli. Sasa mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba bakuli la jirani halirudi tupu. Unaliosha, na siku ukiwa na kitu unatia, hata kama ni ndimu au kisamvu, ndipo unalirudisha. Mama alirudisha la kwanza na mihogo. La pili akarudisha na mihogo tena, na aliporudi nyumbani nikamsikia akijisemea uani, "Mihogo kila siku, utadhani namlisha ng'ombe." Baada ya hapo hakurudisha. Mabakuli yakawa matatu chini ya kitanda, yameoshwa, yamefudikizwa, yana matone yao ya kijani, na mama hakuweza kuyarudisha matupu wala hakuwa na cha kutia. Akaona afadhali lisije la nne. Bi Hidaya akipiga hodi na chakula, mama anajibu kwa ndani, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Tumeshakula, shoga, alhamdulillahi!" Na mimi akanifundisha hivyo hivyo. Jioni aliwasha moto hata kama hakuna cha kuinjika, ili watu wauone moshi. Nilikuwa nikikaa mbele ya moto huo usio na chungu nikijiambia kwamba sisi si maskini, ila tuna aibu nzuri, kama walivyosema watu juu ya mama: Bi Kombo ana staha, hana njaa ya macho.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuumwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuita ugonjwa. Nilikuwa mwembamba tangu zamani, nikazidi. Nilikunywa maji mpaka mtungi ukamalizika kabla ya jua kuwa kali, na nikatoka kwenda haja ndogo mara nyingi kiasi kwamba niliona haya kupita mbele ya watu. Nilipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walikusanyika mstari kwa mstari. Mama aliwaona, akawafukia kwa mchanga kwa mguu wake. Dawa yake ilikuwa ileile: kijiko kingine cha sukari kwenye chai, dafu mtu akitupa, nipate nguvu. Siku moja akiwa kibarazani nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia labda nina sukari. Mama alicheka kwa dharau ambayo sikuizoea kwake. "Sukari? Huyu? Sukari ni ya wenye matumbo, mwenzangu, wanaokula wakalala. Mwanangu ana tumbo gani?" Wote wakacheka, nami ndani nikacheka, maana ilikuwa kweli. Wenye sukari tuliowajua ni wafanyabiashara na maofisa wa mjini. Tungeupata wapi sisi ugonjwa wa kula?

Tuliupata. Nilipelekwa Kilindoni kwa baiskeli nikiwa siwezi kushika vizuri mgongo wa aliyenipakia, na nikalazwa, na nikatoka na chupa ya insulini, mabomba ya sindano na maelezo. Dawa ikae pahala pa baridi: tukaitia ndani ya kikombe, kikombe tukakiacha kikielea ndani ya mtungi. Sukari kwenye chai, marufuku. Nile chakula kamili, samaki, maharage, mboga, mayai, nami nile kwa wakati, na nisidungwe sindano kabla chakula hakijakuwa tayari. Aliyetueleza haya ni Sista Yustina, mama wa Kihaya mwenye miwani, aliyekuwa akisema polepole akidhani Kiswahili chetu ni tofauti na chake. Alieleza vizuri. Mama aliitikia kila neno, "Ndiyo, sista. Sawa, sista." Tuliporudi nyumbani alichoweza kutekeleza ni kimoja tu: aliiondoa sukari. Kwa hiyo kile kilichokuwa kikinisimamisha kikaondoka, na mahali pake hapakuja kitu.

Siku ya kliniki ndiyo ninayoikumbuka kwa kila kitu chake, mpaka harufu ya spiriti na benchi lililokuwa likicheza mguu mmoja. Sukari yangu ilikuwa bado juu. Sista Yustina alimgeukia mama. "Mama, jana binti alikula nini?" Chumba kilikuwa na watu wengine wanaosubiri, wanawake wa Kilindoni wenye mabuibui mazuri, na mwalimu mmoja wa bara niliyemfahamu kwa sura. Mama alijiweka sawa kwenye benchi. "Wali," akasema, "na changu wa kupaka. Na mchicha kidogo." Aliyataja kwa utaratibu, kama anayeona sahani mbele yake, na nikajua ameiona wapi: ile ni sahani ya Bi Hidaya. "Na asubuhi?" "Asubuhi yai." Sista alifurahi kweli. Akamwambia daktari kwamba hawa wanafuata masharti, na kama mtoto anakula hivyo na sukari haishuki, basi dawa ni ndogo. Daktari akaongeza dozi. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, nikitazama vidole vyangu vya miguu, na nilichokisikia moyoni si hofu. Nilikuwa namshukuru mama. Nilijiona nimesitirika mbele ya wale wenye mabuibui mazuri. Mpaka leo nikikumbuka ile shukrani nahisi kutaka kujifunika uso.

Basi nikawa nadungwa dawa ya mtu anayekula wali na changu. Siku chache za mwanzo hazikuniumiza sana, nilitetemeka kidogo nikala muhogo ikapita. Kisha ikaja asubuhi ambayo bahari ilikupwa mapema. Mama alikwenda pwani kuokota chaza kabla sijaamka vizuri, akaniachia maneno kwamba nijidunge na muhogo uko kwenye chungu. Nikajidunga kwanza, kisha nikafunua chungu. Kulikuwa na mzizi na kipande kimoja kilichooza upande. Mama alipokitia gizani hakuuona uozo. Nikala upande mzima. Nikaenda chumba cha mbele, nikachukua ukili nisuke nikimsubiri. Vidole vikaanza kukataa. Jasho likanitoka wakati sakafu ilikuwa baridi. Nilizitazama rangi za miyaa zikaingiliana, zambarau ikawa kijani, nikataka kuinuka nikasahau kwa nini.

Hapo ndipo nikasikia, "Hodi humu!" Ilikuwa sauti ya Bi Hidaya. Nilisikia pia harufu, uji wa mchele wenye tui na sukari, ule unaopikwa nyumba yenye mgeni au mgonjwa. Alikuwa nje ya mlango wetu na bakuli. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, angeusukuma kwa kidole. Na mimi, ambaye mwili mzima ulikuwa ukilia njaa, nikafungua kinywa nikasema kama nilivyofundishwa: "Tumeshakula, Bi Hidaya." Nimejiuliza mara nyingi ilitoka wapi nguvu ile. Sikuweza kukumbuka jina la siku, lakini hilo nililikumbuka. Nikasikia kandambili zake zinaondoka kwenye changarawe. Nilikuwa nakufa, na nilikuwa nimeridhika kwamba nimejibu vizuri.

Aliniambia baadaye kwamba alifika kwake, akatua bakuli, akasema moyoni mtoto wa Bi Kombo amelewa au vipi, mbona maneno yanamvutika? Akarudi na bakuli lake, safari hii bila hodi. Alinikuta nimelala juu ya mkeka ambao haujakwisha. Alikimbilia kwake kuchukua sukari, akanipaka kwenye ufizi kwa kidole chake, akanisubiri nimeze, kisha akaninywesha ule uji kijiko baada ya kijiko akinitukana kwa upendo: "Mjinga wee, mmekula nini? Mmekula nini humu, upepo?" Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa kitandani chumba cha nyuma, na yeye amekaa sakafuni, mlango wa uani uko wazi. Kutoka pale alipokaa jiko letu lilionekana lote. Mafiga yalikuwa baridi. Chungu kilikuwa kimefunuliwa. Na chini ya kitanda, usawa wa macho yake, kulikuwa na mabakuli yake matatu yaliyofudikizwa.

Mama aliingia na kikapu cha chaza, kanga imelowa mpaka magotini. Alitazama mlango wa jiko kwanza, kabla hajanitazama mimi. Sikumlaumu wala simlaumu, nami ningetazama huko huko. Akamgeukia Bi Hidaya. "Shoga," mama akasema, "nilikuwa nakuja kukuletea mabakuli yako."

"Yako mazima?" Bi Hidaya akauliza.

"Mazima."

"Basi yana haraka gani?"

Akainuka, akajipangusa, akaenda zake. Mama alikaa kitandani miguuni kwangu. Alilia bila sauti, akifuta machozi kwa mkono unaonuka bahari. Alinishika mguu, akaushika kwa nguvu mpaka ukaniuma, na sikuuvuta.

Kesho yake Bi Hidaya alikuja na chungu kichwani na samaki kwenye ungo. Alisema kuni zake zote zimelowa, moto umemshinda, anaomba apikie kwetu. Haikuwa imenyesha mvua. Mama alisimama mlangoni akimtazama, na niliona akitafuta mahali pa kukatalia asipaone, maana jirani akikuomba moto humnyimi, na akipikia jikoni kwako mnakula pamoja, na mkila pamoja hakuna bakuli lililovuka ua na hakuna cha kurudisha. "Karibu," mama akasema mwishowe. Kuni za Bi Hidaya ziliendelea kulowa msimu mzima. Nilikaa kwenye kibao nikikuna nazi nikiwasikiliza wakisengenya watu, wakibishana juu ya chumvi, na nilimsikia mama akicheka kicheko chake cha zamani. Nilinenepa mashavu. Ungedhani mambo yamekwisha hapo.

Lakini dozi ilikuwa bado ileile, na ilibidi turudi kliniki. Sista Yustina aliuliza tena, benchi lilelile, watu wengine lakini macho yaleyale. Mama akaanza, "Jana wali na—" Nikamkata. Sikupanga. "Tulipokuja mara ile ilikuwa mihogo, sista," nikasema. "Na chai kavu. Siku nyingine hakuna kitu. Hii tunayokula sasa tunalishwa na jirani." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa, kwa sababu niliogopa nikisema polepole nitaacha. Sista aliweka kalamu chini. "Mama, kwa nini hamkusema? Ile dawa ingemuua huyu." Mama alikuwa amevuta kanga mpaka kwenye nyusi. "Ungesema wewe, sista?" akajibu. Sista akaichukua tena kalamu yake. Dozi ikapunguzwa, nikapewa na maziwa ya unga, na ni kwa sababu ya siku ile kwamba nipo hai nikiandika haya. Njiani mama alitangulia. Tulifika karibu kabisa na Ndagoni ndipo akasema, bila kugeuka, "Umenivua nguo mbele za watu." Ni hilo tu. Hakunipeleka kliniki tena maisha yake yote. Aliyenisindikiza kuanzia hapo ni Bi Hidaya. Hatukulizungumza tena mimi na mama. Nilikwenda Dar es Salaam, nikaolewa, nikaanza kuuza chakula, nikawa natuma kwetu mchele na mafuta, na kila nilipokuja mama alinipokea kwa mapenzi, akanipikia, lakini hakuniuliza hata siku moja, "Sukari yako inaendeleaje?" Alijua nikijibu tutarudi kwenye lile benchi.

Juzijuzi daktari mmoja kijana aliniambia kwamba siku hizi wanakubali kuna kisukari kinachowapata watu wembamba waliokulia kwenye njaa. Alifurahi kunieleza, alidhani ataniondolea lawama. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye kituo cha basi nikiona haya upya. Nilikuwa nimetumia miaka yote hii kudhani ile sahani tupu tuliificha vizuri, kumbe nilikuwa natembea nayo ndani ya damu, na kila anayenipima anaiona. Nilijizuia kumpigia mama simu. Ningemwambia nini? Sasa hayupo, nami bado sijui kama kweli niliyoisema ilikuwa lazima niiseme vile, mbele ya watu, kwa sauti ile.

Kwa hiyo jioni ya hitima nilikuwa na bakuli moja. Mawili mengine sijui yalikwenda wapi, labda alipata siku ya kuyarudisha. Nikagundua kwamba Bi Hidaya sikumwona shughulini. Nilipouliza, wakasema mguu unamsumbua, mumewe alishafariki, watoto wako bara, hatoki siku hizi, lakini hana neno, ana staha zake. Neno hilo lilinichoma. Nilikuja Ndagoni kila mwaka na kila mwaka nilimpitia kibarazani, shikamoo, marahaba, nikamwachia kanga, nikaondoka, na sikuwahi kuingia ndani. Nikapakua pilau na samaki, nikajaza bakuli mpaka likafura, nikavuka. Kwenye kibanda chake cha jiko kulikuwa na moshi. Nikachungulia: moto ulikuwa unawaka, na juu ya mafiga hapakuwa na chungu.

"Hodi, Bi Hidaya. Shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi, Mwanaidi. Nimekuletea chakula."

Nikasikia kitanda kikilia. Kisha ikaja sauti kutoka ndani, changamfu, ya mtu aliyeshiba. "Nimeshakula, mwanangu, alhamdulillahi!"

Nilisimama pale na bakuli lake likinichoma viganja. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Sikuusukuma. Nililirudisha bakuli nyumbani, nikamimina chakula kwa watoto, nikatia mchele mkavu ndani ya chungu, nikajitwika, nikachukua na samaki mbichi aliyebaki, nikarudi.

"Hodi tena, Bi Hidaya. Kuni zetu zote zimelowa. Naomba nipikie kwako."

Haikuwa imenyesha. Nilimsikia akijikokota, mguu mmoja ukiburuta, mpaka mlango ukafunguka. Alikuwa amebaki mifupa. Alinitazama mimi, akatazama chungu, kisha akatazama mbingu isiyo na wingu.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema. "Ingia."